Umepigwa kalamu? Anza na hesabu, kisha CV, na usilipie kazi

Mtu akimwaga unga siku hizi, ushauri anaopewa na kila mtu ni ule ule: "Tuma CV kila mahali." Binamu anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na kundi la WhatsApp la waliokuwa wenzake kazini linajaa linki usiku kucha. Nia ni njema, lakini sisi tunaona ushauri huu unaumiza watu. Baada ya wiki mbili umetuma maombi 150, hakuna aliyejibu, bando limeisha, na namba yako ya simu pamoja na ya kitambulisho ziko kwa watu usiowajua. Kisha inakuja simu ya "hongera, umepata kazi, tuma 1,500 ya fomu." Inakukuta umechoka, na unatuma.

Maoni yetu ni kwamba kutafuta kazi kwa hofu ni ghali kuliko kutafuta kwa mpango. Na mpango wenyewe unaanza na pesa, si na CV.

Jua unachodai, jua kitakaa muda gani

Wengi hupokea barua, wakaitia kwenye bahasha na kuondoka kwa aibu. Usiondoke hivyo. Kama nafasi yako imefutwa kwa sababu kampuni inapunguza wafanyakazi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inakulinda. Mwajiri anatakiwa kukupa notisi ya angalau mwezi mmoja au malipo ya mwezi huo, akulipe siku za likizo ambazo hukuchukua, na akupe malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi.

Tufanye hesabu. Tuseme mshahara wako ni shilingi 30,000 na umemaliza miaka minne. Siku 15 mara miaka 4 ni siku 60. Tukigawanya mshahara kwa siku 30, kila siku ni shilingi 1,000, kwa hivyo malipo hayo ni shilingi 60,000. Ongeza mwezi wa notisi, 30,000, unapata 90,000 kabla ya makato, mbali na likizo.

Sasa geuza hesabu. Ukibana matumizi (kodi ya nyumba, chakula, nauli, stima, karo) yawe 22,500 kwa mwezi, pesa hiyo ni miezi minne. Miezi minne ni muda wa kutafuta kazi ukiwa na akili timamu. Ukiigusa kwa kulipa madeni yote ya marafiki siku ya kwanza na kununua kochi jipya, umebaki na wiki sita, na mtu mwenye wiki sita hukubali chochote. Ushauri wetu ni kuitenga. Weka sehemu kubwa kwenye akiba, na kila mwezi jitolee kiasi kile kile kana kwamba ni mshahara. Kama una mkopo wa simu, mpigie aliyekukopesha kabla ya tarehe ya kulipa, uulize kama mnaweza kupanga upya.

Kabla hujatoka kwa lango, omba pia cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinampa haki ya kukipata mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne mfululizo. Kinaonyesha kazi uliyofanya, ulianza lini na uliacha lini. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini cheti haruhusiwi kukunyima.

Kupunguzwa si doa

Tunajua watu wanaoandika kwenye CV kwamba bado wako kazini, au wanaojaza pengo kwa "biashara binafsi" ambayo haikuwepo. Hakuna haja. Sendy, kampuni ya usafirishaji ya hapa Nairobi, iliporomoka mwaka 2023. Copia, iliyokuwa ikipeleka bidhaa mpaka vijijini, iliingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Mameneja wa rasilimali watu wa Nairobi wanazijua habari hizi kuliko sisi, na baadhi yao wametoka kwenye kampuni kama hizo.

Kwa hivyo andika tarehe ya kweli ya kuacha kazi. Ukiulizwa kwenye mahojiano, sentensi moja inatosha: "Kampuni ilifunga tawi letu na nafasi yangu ikafutwa." Halafu nyamaza, usubiri swali linalofuata. Anayejieleza dakika kumi ndiye anayetiliwa shaka. Wala usimseme vibaya bosi wako wa zamani, hata kama anastahili.

Andika ulichofanya, usiandike ulichoitwa

Sisi tulisomea masoko, na kazi yetu ya kila siku ni kumweleza mteja jambo kabla hajageuza macho. CV ni kitu hicho hicho. Anayeisoma ana nyingine nyingi mezani, na anataka kujua jambo moja: huyu akija hapa, atatufanyia nini?

Chukua mfano wa msimamizi wa duka. CV ya kawaida itasema: "Nilihusika na usimamizi wa duka na huduma kwa wateja." Hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote. Mtu yule yule angeweza kusema: "Nilisimamia wauzaji 5, nikafunga hesabu ya mauzo ya shilingi 80,000 kwa siku, na nikaanzisha daftari la kuhesabu bidhaa kila Jumamosi ambalo lilionyesha mahali zilipokuwa zikipotea." Hapa unamwona mtu akifanya kazi. Pengine CV yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, lakini kanuni haibadiliki: idadi, kitendo, matokeo. Na iwe idadi ya kweli, manake utaulizwa.

Kisha punguza. Kurasa mbili zinatosha wengi wetu. Namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na majina ya wazazi, vitu ambavyo CV nyingi za Kenya bado hubeba, toa. Havimsaidii mwajiri kukuchagua, lakini tapeli akiipata namba ya kitambulisho pamoja na jina kamili na ya simu, amepata pa kuanzia. Kuhusu warejelewa, wapigie kwanza. Mwambie, "Bosi, naomba kazi fulani, huenda ukapigiwa simu wiki hii." Mrejelewa aliyeshtukizwa hukumbuka machache.

Maombi kumi yaliyofikiriwa

Badala ya 150, tungekushauri utume kama kumi kwa wiki. Kwa kila tangazo, soma mahitaji matatu ya kwanza, halafu uhakikishe CV yako inayajibu kwenye nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Tunga barua inayotaja kampuni hiyo kwa jina na kitu unachokijua juu yake. Tumia LinkedIn, BrighterMonday au Fuzu, lakini usiishie hapo. Waambie watu. Nafasi nyingi ndogo ndogo hazifiki kwenye tangazo, hupita kwa "unamjua mtu?" Waliokuwa wasambazaji na wateja wa kampuni yako ya zamani walikuona ukifanya kazi, kwa hivyo anza na wao.

Andika kila ombi kwenye daftari: tarehe, kampuni, jina la mtu, jibu. Wiki mbili zikipita kimya, mwandikie mtu huyo mara moja, kwa adabu, kisha songa mbele.

Usikimbilie pia kununua makaratasi. Tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kuidhinishwa, kama vile vya KRA, HELB, CRB au cha maadili mema kutoka polisi, isipokuwa anakusudia kuingia nawe kwenye mkataba wa maandishi. Kwa mtu anayeishi kwa akiba, hizo ni shilingi elfu kadhaa ambazo zinaweza kungoja mpaka kazi iwe karibu mkononi.

Kazi hailipiwi

Hapa hatutazunguka, manake tunafanya kazi kwenye kampuni ya malipo na tunajua pesa hupita wapi. Matapeli wanajua kwamba mtu aliyepunguzwa kazini majuzi ana pesa kwenye simu na hofu moyoni. Wanaiita ada ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare, ya mafunzo. Kiasi huwa kidogo, 1,500 au 3,000, ili uone si hasara. Kisha inakuja ya pili.

Dalili ni zile zile. Umepata kazi bila mahojiano. Namba ya kutuma pesa ni ya mtu binafsi, wala si ya kampuni. Unaambiwa mwisho ni leo saa kumi. Ukiomba kufika ofisini, ofisi "inahamishwa". Tume ya Utumishi wa Umma haimtozi mtu chochote kwa kuomba kazi, na kampuni ya maana haimwombi mtu asiye na mshahara ailipe kwanza. Kwa kazi za ng'ambo, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujamwonyesha pasipoti yako.

Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si jina la kampuni uliyoomba kazi, katisha. Ukiwa umeshatuma, piga simu kwa huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usingoje kesho. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Na namba yako ya siri haihusiani na ajira yoyote duniani. Hakuna mwajiri anayeihitaji.

Tunajua si kila mtu ana miezi minne ya akiba. Kuna aliyekuwa kibarua bila mkataba, na kuna aliyezungushwa mpaka leo hajalipwa. Huyo wa pili aende ofisi ya leba ya kaunti yake na barua zake, hata kama ni ujumbe wa simu tu unaoonyesha mshahara ulivyokuwa ukiingia. Taarifa ya miamala ya simu yako inaonyesha nani alikulipa, lini na kiasi gani, na ni ushahidi unaofaa kuuweka mezani. Ipakue leo, kabla hujatuma CV hata moja.