Kabla Kondo Halijafukiwa

Majira ya kuchipua ya mwaka 2001, farasi wa Kentucky nchini Marekani walitupa mimba kwa wingi uliowatisha hata wafugaji wazoefu wa farasi wa mbio. Wengine walikuwa na mimba changa, wengine walikuwa wamekaribia kuzaa. Mwaka huo na uliofuata, watoto waliopotea walihesabiwa kwa maelfu. Kwanza ikashukiwa sumu ya ukungu malishoni, kisha sayanaidi iliyomo katika majani ya cheri mwitu. Mwishowe macho yakageukia viwavi waliojaa kwenye miti hiyohiyo, ambao farasi walikuwa wakiwala pamoja na nyasi. Watafiti wakawalisha farasi wenye mimba viwavi hao kwa makusudi, na mimba zikatoka. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba vinyweleo vya kiwavi hutoboa utumbo, bakteria wakapata njia ya kuingia kwenye damu na kufika hadi kwenye mimba.

Tumeanza na Kentucky kwa sababu moja. Fumbo lile halikufumbuliwa kwa bahati. Wafugaji wa pande za Lexington, mji wa Kentucky, walikwisha kuzoea kwamba farasi akitupa mimba, kijusi na kondo la nyuma hupakiwa garini na kupelekwa maabara ya chuo kikuu. Mazoea hayohayo ndiyo yaliyofichua, katika miaka ya 1980, maambukizi ya kondo yanayoletwa na bakteria wenye umbo la nyuzi, kama Crossiella equi na Amycolatopsis. Hawa hukaa mbali na mlango wa kizazi, kwenye mwili wa kondo karibu na chanzo cha pembe zake, na kwa kawaida hawamgusi mtoto mwenyewe. Mtoto hudhoofika kwa kukosa lishe, kwa kuwa sehemu ya kondo imekufa. Ukimpasua mtoto peke yake, utaondoka bila jibu.

Kwa hiyo hoja ya toleo hili ni hii: kondo la kila farasi likaguliwe, hata pale ambapo mtoto amesimama na kunyonya vizuri.

Maambukizi yaliyozoeleka zaidi hupanda kutoka nje. Bakteria kama Streptococcus zooepidemicus na E. coli hupita ukeni, huvuka mlango wa kizazi na kushika sehemu ya kondo iliyoulalia mlango huo. Majike wazee, ambao midomo ya uke imelegea na kulala, ndio walio hatarini zaidi. Tangu 1937 madaktari wamekuwa wakiishona sehemu ya juu kwa mbinu ya Caslick, na bado ni kinga nzuri. Mimba ya farasi huchukua takriban siku 340, na ugonjwa huu unaweza kutambaa kwa wiki kadhaa huku mama akila na kutembea kama kawaida. Dalili ya kwanza anayoiona mfugaji mara nyingi ni kiwele kujaa mapema na maziwa kudondoka. Hapo hasara ni mbili. Mtoto wa farasi hapati kingamwili akiwa tumboni, huzitegemea zilizo katika dang'a. Dang'a ikimwagika kabla hajazaliwa, atakuja duniani bila kinga.

Daktari mwenye ultrasaundi anaweza kuutangulia ugonjwa. Hupima, kupitia njia ya haja kubwa, unene wa ukuta wa mji wa mimba pamoja na kondo karibu na mlango wa kizazi. Kati ya siku ya 271 na 300, unene unaozidi milimita 8 unatia shaka. Kufikia siku ya 330, kikomo ni 10. Matibabu yakianza hapo, kwa antibiotiki, dawa za kupunguza uvimbe na homoni ya kutuliza mji wa mimba, watoto wengi huokolewa. Lakini nani apimwe? Kondo la mwaka jana husaidia kujibu. Jike ambaye kondo lake lilikuwa na kovu au ute wa kahawia mahali palipoelekea mlango wa kizazi ndiye wa kufuatiliwa kwanza.

Wasomaji wetu wengi hawana farasi, wana punda, na kondo la punda lina umbile lilelile. Huku kwetu mbwa hulifikia kabla ya mtu. Wazuieni. Vaeni glavu, maana bakteria wa leptospira walioua mimba huweza kumshika binadamu pia. Litandazeni chini, pembe mbili na mwili, mhakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani. Lisipotoka ndani ya saa 3, mwiteni daktari. Lipimeni uzito: kwa farasi huwa karibu asilimia 11 ya uzito wa mtoto, na likizidi sana huenda lilivimba. Na wakati wa kuzaa, kikitangulia kifuko chekundu badala ya cheupe, kondo limeachia kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Kipasueni papo hapo, mvuteni mtoto, msimngoje daktari.

Kondo lenye shaka litiwe kwenye mfuko safi, liwekwe kwenye barafu bila kugandishwa, na lifike maabara siku hiyohiyo.