KIBARUA WA KUTAFUTA MADINI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu Wafanyakazi wa Meru na Embu,

Tangu Januari 2024, Waziri wa Madini alipotangaza kwamba koltani imeonekana Embu na katika kaunti nyingine tano, kila mwenye shamba la mawe huku Mbeere anatembea akitazama chini. Sasa neno jipya ni lithiamu, madini ya betri za magari ya umeme. Wapimaji huitafuta katika jiwe la namna ile ile ya koltani, liitwalo pegmatiti: mishipa ya mwamba yenye chembe kubwa na mika ing'aayo.

Na sisi twaambiwa nini? "Subirini. Mgodi ukifunguka ndipo mtazungumza habari za mishahara na chama."

Hatukubali. Asemaye hivyo ama haijui kazi hii, ama anaijua mno. Pegmatiti nyingi hazina lithiamu ya kutosha kuchimbwa. Wataalamu huokota mawe, huchimbisha mitaro, hutoboa mwamba kwa mtambo, hupeleka vipande maabara. Na mara nyingi jibu huwa mali ni haba, wakafunga mizigo wakaenda zao. Basi kazi ya kutafuta huenda ikawa ndiyo kazi pekee tutakayoiona.

Hata penye mali nyingi kungoja ni kurefu. Tazameni Manono, Kongo. Kampuni ya AVZ ya Australia ilianza kutoboa huko mwaka 1917 ungedhani, kwa jinsi muda ulivyopita. Kumbe ni 2017. Lithiamu ilionekana tele, lakini kufika 2023 kilichokuwapo ni kesi za kugombania leseni, wala si mgodi.

Wanasiasa hutuimbia mrabaha. Kweli, Sheria ya Madini ya 2016 yagawa mrabaha: Serikali Kuu asilimia 70, kaunti 20, wenyeji 10. Vizuri. Lakini mtaro mtupu hauna mrabaha. Aliyeuchimba ana ujira wake tu.

Na ujira wenyewe ukoje? Mnyapara humwandika kijana jina katika daftari la shule, humpa sururu. Kijana hubeba masanduku ya mawe kushuka mlima, hushinda katika vumbi la mwamba, na vumbi hilo huharibu mapafu polepole, miaka baada ya mpimaji kusahauliwa. Jioni hutiwa fedha mkononi bila karatasi. Akivunjika mguu, daftari halionekani tena.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Madini chasema haki ya madini haitolewi juu ya ardhi ya mtu bila idhini yake. Wazee wetu wamekwisha kukijua. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina kifungu cha 37, na hicho hakuna atusomeaye: kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zitimizazo mwezi si kibarua tena, ni wa mshahara wa mwezi, na hafukuzwi bila notisi.

Kwa hiyo mzee atakapoombwa idhini ya shamba lake, na aulize kwanza: vijana watakaochimba humu wana mkataba wa maandishi? Wana bima ya kuumia kazini? Wana barakoa? Asiweke sahihi mpaka aonyeshwe karatasi. Na wewe uliyekwisha kuchukuliwa, andika siku zako mwenyewe, kila siku, katika daftari lako, ulilete kwa katibu wa tawi.