BREKI SI SHAURI LA DEREVA PEKE YAKE

Ndugu wanaushirika,

Mkutano ujao tutaamua pesa za matengenezo ya gari letu zifanye nini. Wapo wanaosema tununue turubai jipya kwanza, mpunga usilowe, breki zingoje kwa kuwa ati "bado zinashika". Mimi nasema breki kwanza. Nitaanza kwa kujikosoa, maana katibu anayeficha kosa lake hana uso wa kumkosoa mwenzake.

Msimu uliopita nilitumwa Ifakara kununua mafuta ya breki. Nikaona oili ya injini ni rahisi zaidi, nikasema moyoni mafuta ni mafuta. Kusoma nilikwisha jifunza katika kisomo cha watu wazima, na cheti ninacho ukutani. Lakini kopo sikulisoma. Tukamimina.

Baada ya siku chache tukawa tunashuka kutoka Mahenge na mzigo. Breki zikaanza kushika zenyewe bila kukanyagwa. Dramu zikapata moto, tukasikia harufu ya kuungua, na mara pedali ikazama mpaka chini. Dereva akarudisha gia ndogo, akavuta handibreki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Tulishuka wazima, lakini miguu haikuwa yetu.

Fundi alipofungua, raba za ndani zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Oili ya injini huharibu raba za breki. Ikabidi kubadili raba zote na kusafisha mabomba yote. Kopo la rahisi likawa ghali.

Sasa jamani, tuelewe kitu hiki kinavyofanya kazi. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta kwenye mabomba. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika kwenye silinda ndogo ya kila gurudumu. Silinda hiyo inatanua viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi huita shuu, vikabana dramu kwa ndani. Basi. Upepo ukiingia mambo yanaharibika, kwa sababu upepo unabonyea.

Dalili zake kila mtu anaweza kuzijua:

1. Pedali ni laini kama godoro: kuna upepo ndani. Utolewe, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kopo la juu lisiachwe likauke wakati wa kazi, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

2. Pedali inazama polepole ukiwa umeikanyaga: mafuta yanavuja, au raba za masta silinda zimekwisha. Tazama nyuma ya kila gurudumu kama kuna unyevu.

3. Pedali iko chini, ukipampu inapanda: mara nyingi shuu zimelika au zinataka kurekebishwa.

4. Gari linavuta upande mmoja: huenda shuu moja imeingia mafuta au grisi, au silinda imekwama.

5. Umepita kwenye maji ya mafuriko: dramu zimelowa, hazishiki. Nenda taratibu huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto huua mapafu. Tumia kitambaa kibichi.

Mafuta ya breki nayo huzeeka, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. Yakipata joto la mteremko, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke nao unabonyea kama upepo. Kwa hiyo kila miaka miwili yabadilishwe yote. Kopo liandikwe DOT 3 au DOT 4, kama kitabu cha gari kinavyosema.

Wazee wanakumbuka kivuko. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa, gari lilisimama ng'ambo likingoja zamu, na mtu akapata nafasi ya kuchungulia magurudumu. Leo tunavuka bila kusimama, tunafika Lupiro, tunaanza kupanda mlima. Mahali pa kungoja pamekwisha. Basi ukaguzi tuufanye hapa hapa kijijini.

Napendekeza mambo matatu. Pesa ziende kwenye breki kabla ya turubai. Daftari la gari lisomwe kwa sauti kabla ya safari, na safari hii wanakisomo ndio wasome. Tena mwanachama yeyote, mwanamke kwa mwanamume, akiona dalili mojawapo hapo juu, awe na haki ya kusema gari halitoki, na dereva asimnunie.

Mpunga ukilowa tutauanika. Mtu haanikwi.

Elimu haina mwisho, lakini elimu isiyosoma kopo ni cheti cha ukutani tu. Nimejifunza hilo mlimani.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi