Mtoto Kaja Kusoma

Ndugu zangu, kila Septemba tunawapokea vijana wetu wanaokuja vyuoni hapa Uingereza. Hata sanduku halijafunguliwa, simu za nyumbani zimeanza: ada ya mdogo wake, mabati ya nyumba, mahari ya binamu. Mtoto kaja kusoma! Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Akizidisha, viza yaweza kufutwa. Na kabla hajapanda ndege ameshalipa pauni 776 za matibabu kwa kila mwaka (mpelekeni basi akajiandikishe kwa daktari, asingoje homa). Nimemwona kijana akishinda kwa chai na mkate, fedha kazipeleka Unguja, naye aona haya kusema. Sisi tulio hapa tumwite kula Ijumaa, na nyumbani tuwaambie wazi: wangojee.