Siku ya Wauguzi ni Siku ya Wananchi

Tarehe 12 Mei kila mwaka ni Siku ya Wauguzi Duniani. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, yule muuguzi Mwingereza aliyepita usiku na taa mkononi akiwaangalia majeruhi wa vita vya Crimea. Baraza la Kimataifa la Wauguzi liliichagua siku hiyo mwaka 1974, na hapa nchini huadhimishwa na Chama cha Wauguzi Tanzania pamoja na matawi yake ya mikoani.

Tunawaomba wananchi wa Mkoa wa Singida waihesabu siku hiyo kuwa yao pia. Si ajabu kumwona mtu amesimama kando ya barabara, akiyatazama maandamano ya sare nyeupe, kisha akaenda zake kana kwamba hayamhusu. Hilo ni kosa. Katika mkoa huu, ambao vijiji vyake vimetawanyika kutoka Mkalama hadi Rungwa, mgonjwa wa kijijini mara nyingi humwona muuguzi kabla ya kumwona daktari. Muuguzi ndiye ampimaye mja mzito, ndiye amchanjaye mtoto, na ndiye agongewaye mlango usiku wa manane mzazi anaposhikwa na uchungu.

Matunda ya kazi hiyo yanaonekana. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Wauguzi na wakunga hawakuifanya kazi hiyo peke yao, lakini bila wao isingefanyika.

Hata hivyo, hatuna budi kukumbuka kwamba hao 104 ni mama za watu. Wengi wa wazazi wanaofariki huponzwa na kutokwa damu nyingi, na muuguzi, hata awe hodari namna gani, hawezi kutia mgonjwa damu isiyokuwapo. Kwa hiyo twashauri kwamba popote siku hii inapoadhimishwa, iwe Singida mjini, Kiomboi, Manyoni au Itigi, pawepo mahali pa kuchangia damu. Mwanamume mwenye afya njema aweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Zawadi ya namna hiyo yawapa wauguzi nguvu kuliko makofi.

Kwa upande wao, wauguzi wasiitumie siku hii kusifiana tu. Yapo malalamiko ya wananchi kuhusu lugha kali katika baadhi ya vituo vya tiba. Mama aliyekaripiwa leo, kesho atajifungulia nyumbani, na huenda akapoteza maisha. Wauguzi wakae na wananchi, wayasikie malalamiko hayo bila hasira. Nao wananchi wasikie habari za muuguzi anayekesha peke yake katika zahanati, akihudumia wagonjwa wengi kwa vifaa vichache. Viongozi watakaoalikwa wayasikilize yote mawili, kisha watende, maana hotuba haijengi nyumba ya mtumishi.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Waliondoka hapo wakachimba vyoo. Hilo ni fundisho kwetu: mkutano wa afya hupimwa kwa kazi inayofuata baada ya watu kutawanyika.

Basi tarehe 12 Mei wananchi tujitokeze kwa wingi, wanaume kwa wanawake. Aliyetupokea tulipozaliwa anastahili tumpokee siku yake.