Mchezaji Afutwe kwa Lugha Aielewayo

Mchezaji anayemtishia meneja wake hastahili kutetewa. Aliyepewa dhamana ya kuiongoza timu ana haki ya kutekeleza kazi yake bila ya kuhofia maisha yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo mfanyakazi anayemtolea matusi msimamizi wake, na mwanasoka wa kulipwa ni mfanyakazi kama wengine.

Hata hivyo, kifungu cha 41 kinadai kwamba kabla ya kufutwa, mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na utetezi wake usikizwe. Hapa ndipo sisi wasomi wa Kiswahili tunapohusika.

Katika miji ya Thika na Ruiru, wapo vijana wanaotegemea soka kuwa riziki. Thika United ilishiriki Ligi Kuu hadi iliposhushwa daraja mwaka 2018. Kijana kama huyo akimwambia meneja, "Utanitambua," amesema nini? Yaweza kuwa ahadi ya kufunga mabao. Yaweza kuwa kitisho cha kumwaga damu. Pragmatiki yatufunza kwamba maana haimo katika neno pekee, bali pia katika msemaji, msikilizaji na mazingira. Neno hilo likitiwa katika barua ya Kiingereza, utata wake huyeyuka, na mchezaji huhukumiwa kwa sentensi ambayo hakuitamka.

Hata kosa lisilo na utata huhitaji kupimwa. Mnamo Desemba 1997, Latrell Sprewell wa Golden State Warriors, Marekani, alimkaba koo kocha wake, P.J. Carlesimo, na kutishia kumuua. Klabu ikauvunja mkataba wake. Machi 1998 msuluhishi John Feerick aliurejesha mkataba huo, lakini akamzuia Sprewell kucheza hadi msimu ukamilike.

Anayedhani kwamba huku ni kuwalea wahuni azingatie jambo moja: mwajiri akiukiuka utaratibu, mahakama yaweza kumwamuru amlipe aliyefutwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, ijapokuwa kitisho kilikuwa cha kweli.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi klabu na ziwe na kanuni za nidhamu kwa Kiswahili, nasi wanafunzi wa vyuo vya Thika na Ruiru tujitolee kuzitafsiri. Aidha, barua ya kumfuta mchezaji na iyanukuu maneno yake kama alivyoyatamka.