Acheni kuisingizia ajuvanti

Wadau, hapa hosteli kuna wasomi wamepata msamiati mpya: "chanjo safi". Ati wanataka antijeni tu, "makemikali mengine" yatolewe. Na wengine wanasoma sayansi kabisa! Jamani.

Haya, darasa fupi. Antijeni ni kile kipande cha mdudu ambacho kinga inatakiwa ikikariri. Mdudu mzima huingia na kelele zake, mwili unashtuka. Lakini ukichukua protini yake moja ukaisafisha, kelele umezitoa pia, na mara nyingi kinga inaipita tu. Ajuvanti ndiyo inayopiga yowe. Inaamsha seli za doria, zinaibeba antijeni hadi kwenye tezi za limfu, na huko seli T na seli B zinaambiwa: hapa pana hatari, kazi ianze.

Mnabisha? Twendeni Marekani, kwenye utafiti uliochapishwa 1997. Watafiti walichukua antijeni moja ya malaria, RTS,S, wakaitia kwenye ajuvanti tatu tofauti, halafu watu waliojitolea wakaumwa na mbu wenye vimelea. Yenye aluminiamu na MPL ilikinga mtu 1 kati ya 8. Yenye matone ya mafuta kwenye maji, 2 kati ya 7. Yenye matone hayo pamoja na MPL na QS-21, 6 kati ya 7! Antijeni ni ileile. Watu walikuwa wachache, sawa, lakini chanjo iliyojaribiwa baadaye kwa watoto, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, na kupendekezwa na WHO mwaka 2021, ina hizo MPL na QS-21.

Na hiyo QS-21 mnayoiita kemikali inatoka kwenye magome ya mti wa Chile, Quillaja saponaria. Sisemi cha mti hakidhuru. Ikizidi inapasua seli. Ndiyo maana inapimwa kwa mikrogramu, tofauti na zile mizizi mnazokunywa mtaani kwa kikombe bila kuuliza kitu.

Mkono unauma, homa inapanda? Ndiyo, hutokea. Ulizeni kipimo, ulizeni majaribio, hayo ni maswali halali. Ila "chanjo safi" siyo swali, ni kaulimbiu tu. Mkisikilizwa, mtoto atachomwa sindano, atalia, halafu mbu atamkuta kama alivyokuwa.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje na data.